Udongo wa Kumpa Mgeni

Shaa, shaa, shaa. Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile chekeche: udongo mkavu unapita, vijiwe vinabaki juu vinarukaruka. Mwaka 2014 nilipata kibarua Kasulu kwa dada mmoja mtafiti, aliyekuwa akikusanya udongo wa mashamba kuanzia kwetu Kitanga hadi Kibondo. Mimi niliuanika kivulini, nikauchekecha, nikautia mifukoni na kuandika namba. Shule niliishia kidato cha pili, ila moyoni nilishajishonea koti jeupe la maabara.

Dada alitafuta mabaki ya dawa ya magugu. Alinieleza mara tatu, nikaelewa nusu. Udongo unalowekwa, maji yake yanachujwa, halafu mashine iliyoko mji wa mbali inayasukuma kwa nguvu ndani ya kibomba chembamba kilichojaa unga. Kila dawa hutokea upande wa pili kwa dakika yake, na ikitokea, mashine inachora kilima.

"Hata ikiwa kidogo kama punje ya chumvi kwenye pipa?"

"Hata hiyo itaiona."

Basi nikamwomba apime na shamba letu. Kaka yangu alikuwa amepulizia mahindi, dawa kaikadiria kwa macho, akazidisha "ili magugu yakome." Maharage yaliyofuata yalitoa majani machache, kingo zikaungua, yakafa yote. Mama alibakiza kibuyu kimoja cha mbegu, zile zile alizopewa na bibi. Akizipanda zikafa, mbegu ya bibi imekwisha. Asipopanda, tunakula nini? Dada akakubali. Lakini siku hiyo tulikuwa Kibondo, kwa hiyo nikampigia mama simu achote mwenyewe, ampe mtu wa bodaboda.

Majibu yalipokuja, dada alinigeuzia kompyuta yake. Mashamba mengine yalikuwa na vilima. Letu, mstari umelala tu.

"Safi?"

"Udongo huu, safi."

Nilicheka kwa furaha, kisha nikawaza. Kama ni safi, maharage yaliunguzwa na nini?

"Dada, mashine haikosei?"

"Inapima kile ilicholetewa, mdogo wangu."

Hapo nikakumbuka. Nilipouchekecha udongo wa kwetu, ulikuwa mweusi, na juu ya chekeche zilibaki nyuzi za mgomba mkavu. Nilizitupa, nikidhani ni upepo umezileta. Na shamba letu la maharage lina udongo mwekundu, mgomba hauna hata mmoja!

Jumamosi nikaenda nyumbani. Mama alikuwa akichambua mboga.

"Mama, ule udongo ulichota wapi?"

"Pale migombani, tunapomwaga samadi."

"Mama! Si nilisema shambani?"

"Mgeni katoka huko aliko, anaomba udongo wetu, nimpe ule mbaya? Akauoneshe kwa watu? Wangesema binti yangu kazaliwa kwenye vumbi."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Hata kuku, mgeni tunampa aliyenona. Nikamweleza kwamba yule mgeni aliutaka ule mbaya hasa. Mama akaacha mboga, akanitazama.

"Kwa hiyo nipande au nisipande?"

"Sijui, Mama."

"Miezi yote hiyo unachekecha, hujui?"

Nikampigia dada simu. Akacheka. Akasema udongo mwingine wa kwetu utasubiri foleni ya mashine, labda mvua zikishapita. Na mawingu yalikuwa yameshaanza kukaa juu ya milima. Nikabaki na simu sikioni, sijui nimlaumu mama, mashine au mimi niliyetupa zile nyuzi.

Jumapili wote walikwenda kanisani, nikasingizia tumbo. Nikatafuta makopo mawili matupu, nikayatoboa chini kwa msumari. Moja nikalijaza udongo wa migombani, jingine ule mwekundu wa shambani, nikalichora alama ya mkaa. Nikafungua kibuyu cha mama, nikatoa mbegu sita, nikafukia tatu huku na tatu huku. Kisha nikayamwagilia yote mawili, kikombe kimoja kimoja.