Santuri ya Nzioki na Mita Niliyojivunia

Iko Jumamosi moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Nilikuwa kijana, nimemaliza sekondari, nimepanga nyumba mjini Machakos, na nilikuwa na kinanda cha santuri ambacho mtaani hapakuwa na kingine kama hicho. Nilikinunua kwa mwalimu Mmarekani aliyekuwa akirudi kwao. Umeme wa kwao ni volti mia moja na ishirini, wetu mia mbili na arobaini, kwa hiyo aliniachia transfoma ya kuupunguza. Nikanunua mita ya kupimia volti, nikapima: mia moja na ishirini kamili. Kila mgeni nilimwonyesha ule mshale kabla hata sijamkaribisha chai.

Upumbavu ulianzia hapo. Kila santuri niliyoiweka ilitoa sauti nzito, yenye kujikokota kidogo. Mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nikatangaza kwamba redio za watu ndizo zilizokuwa zikikondesha sauti za waimbaji, na kwamba kwangu ndiko sauti yenyewe inakosikika. Watu wakaniamini. Si nilikuwa nimesoma? Si nilikuwa na mita? Wakaanza kuniletea santuri mpya nizisikilize kabla hawajazinunua, nami nikakaa kwenye kiti changu kama hakimu.

Jumamosi hiyo alikuja rafiki yangu Nzioki na santuri yake ya kwanza. Alikuwa ameacha kazi ya shamba kwa ajili ya gita, na mama yake alikuwa hajamsamehe. Alimleta pia mwenye duka la santuri pale mjini. Wimbo ukimpendeza, angeuweka dukani. Ukimchukiza, Nzioki hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Majirani wakajaa hadi dirishani.

Nikaiweka. Gita likatembea kama ng'ombe aliyechoka. Kisha ikaja sauti ya mzee mwenye usingizi. Watu hawakumtazama Nzioki, walinitazama mimi. Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Kunyamaza hakuna gharama.

"Nzioki," nikasema, "ulimaliza sufuria nzima ya muthokoi ndipo ukaenda kurekodi?"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mwenye duka alicheka mpaka akafuta macho.

"Hiyo si sauti yangu," Nzioki akasema. "Mnanijua nyinyi. Mimi siimbi hivyo."

"Mashine haijui uongo, ndugu yangu. Volti nimepima mwenyewe."

Mwenye duka akavaa kofia yake. "Kijana, rudi ukiwa umeamka," akamwambia, akatoka. Wakacheka tena. Nami nilicheka. Nzioki akamfuata nje, akaiacha santuri yake kwenye kinanda changu.

Wiki iliyofuata jirani yangu Mzee Kilonzo, fundi wa pampu za maji, alikuja kuusikia huo wimbo uliochekesha mtaa. Yeye hakucheka. Alibandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya kinanda, akavua saa yake, akainama akihesabu kila karatasi ilipopita, dakika nzima.

"Mizunguko thelathini na saba na nusu," akasema. "Na hapa kwenye santuri pameandikwa arobaini na tano."

"Lakini Mzee, volti..."

"Nani amekuuliza volti? Volti ni sawa. Umeme wa kwao hupiga mara sitini kwa sekunde. Wetu hupiga hamsini. Transfoma yako haibadilishi hilo, na mota ya namna hii hufuata mapigo. Ulipima kile ulichojua kupima, halafu ukamhukumu mtu kwa kile usichopima." Akavaa saa yake. "Ulimcheka mbele ya watu. Nenda ukajirudi mbele ya watu wale wale."

Sikwenda.

Sina la kujitetea. Nilisema kesho, kisha nikasema Jumamosi. Nilimpata fundi wa kuchonga chuma, akanichongea kigurudumu cha mota kilicho kikubwa kidogo kuliko cha kwanza, na kinanda kikaanza kuzunguka ipasavyo. Sauti zikawa nyepesi. Waliouliza niliwaambia nimekisafisha! Nikaendelea kukaa kwenye kiti kile kile na kuhukumu santuri za watu. Mzee Kilonzo aliniuliza mara mbili kama nimekwenda, kisha akaacha kunisalimia. Nzioki aliuza gita lake, akaenda kuchunga ng'ombe kwenye ranchi upande wa Konza.

Ndiyo maana damu yangu huchemka ninapowasikia vijana wa siku hizi, huko Syokimau na kwingineko, na spika zao zinazofika kifuani. Mmoja anauza waya wa soketi mnene kama nyoka, eti unausafisha umeme, na hajawahi kuupima umeme huo hata siku moja. Mwingine ana kipimo kwenye simu, amesoma tarakimu moja, na tayari anamwambia mwenzake mbele ya mkewe kwamba masikio yake yamekufa. Hasira yangu si juu ya waya. Nawaona wamekalia kiti changu.

Mwaka huu niliibeba santuri ile na kinanda changu hadi kwa Nzioki. Binti yake Ndunge akatupikia chai. Nikaiweka santuri. Gita likaruka kama mwanambuzi, na sauti ya kijana ikajaa nyumba.

Ndunge alisimama na birika mkononi. "Baba, ni nani huyo?"

"Ni mtu aliyekuwa anaimba," Nzioki akajibu.

Hapo nikasema yote, mbele ya binti yake: kinanda, mapigo ya umeme, kicheko, na miaka niliyonyamaza. Nzioki alisikiliza mpaka wimbo ukaisha.

"Nilijua sauti yangu," akasema. "Lakini wewe ulikuwa na mita." Akanywa chai. "Na wale wengine wako wapi, uwaambie?"

Nikawahesabu moyoni, mwenye duka na majirani wa dirishani. "Wamekufa, Nzioki."

"Haya basi," akasema, akamwomba Ndunge aiweke tena.

Mwanangu, wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Pima, lakini kabla ya kumhukumu mtu jiulize ni kitu gani hujakipima. Mwenye sauti akikuambia hiyo si yake, simamisha mashine, usimsimamishe yeye. Na ukikosea mbele ya watu, rudi upesi, wangali hai, maana neno lililosikiwa na wengi halifutwi mbele ya mmoja.

Mungu akupe sikio la kusikiliza na ulimi usioona haya kurudi nyuma. Na siku utakapomkosea mtu, akuwekee hai wote waliokusikia.