Jiwe Lililoshika Ulimi

Siku Numbi alipoyaona mawe yale kwa mara ya kwanza, alikuwa amekwenda kuomba maji tu. Alitoka kuchimba madini shimoni, koo limemkauka, udongo umemganda mpaka kwenye kope, akapiga hodi nyumba ya kwanza aliyoikuta. Mwenye nyumba, mzee aliyeitwa papa Kalenga, alikuwa ameketi sakafuni. Mbele yake palikuwa na trei sita za mayai, na kila mahali pa yai palikuwa na jiwe. Kulikuwa na la kijani lenye mistari kama ya mbao, la buluu ya wino, jekundu lililokolea karibu kuwa jeusi, na moja lenye punje zilizong'aa hata Numbi akadhani ni vipande vya chupa. Miaka minne alikuwa akizipiga rangi hizo nyundo na kuzijaza kwenye magunia, wala hakuwahi kuziona.

Maji akayasahau. Alisimama mlangoni, maana alikuwa mtu wa haya, mpaka mwenye nyumba akamwita.

"Ingia, mdogo wangu. Hayaumi." Akamnyooshea jiwe la rangi ya anga, dogo kama ngumi ya mtoto. "Lilambe hili."

Numbi akalilamba. Ulimi ukanasa, ikabidi auvute.

"Limekushika," papa Kalenga alisema. "Hayo mengine hayashiki. Hilo ni la Mwepu."

Mwepu alikuwa mwanawe wa pekee. Asubuhi moja ya mvua alipandisha ndoo ya kwanza kwa kamba, na juu ya mchanga alikuwa ameliweka jiwe hilo, kwa kuwa alijua baba yake huyakusanya. Ndoo ya pili haikupanda. Shimo liliporomoka likawafunika watu watatu, na siku ya tano wenye machimbo wakasema basi, kufukua kuishe, libaki hivyo hivyo. Mama yake Mwepu alikufa bila kuonyeshwa mahali pa kumlilia mwanawe.

Papa Kalenga alikuwa ameyaokota mawe tangu ujana wake, kila shimo alimofanya kazi jiwe moja, na kila moja alilijua kwa ulimi kabla ya jicho. Wenzake walimcheka wakasema kwake chumvi imekwisha, ndiyo maana analamba mlima. Mchuuzi wa mapambo alikuja mara tatu kuyataka. Alipewa kiti, akapewa maji, akarudi mikono mitupu. Tangu siku ya Mwepu mzee hakuongeza jiwe lingine.

Numbi akawa anakwenda kila Jumapili. Walikula bukari, ugali wa kwao, na sombe ya majani ya muhogo, kisha wakayasugua mawe kwa mswaki mkuukuu, kila mtu na trei yake, na saa nzima ikapita bila neno. Kwingine kokote ukimya wa Numbi ulikuwa kichekesho. Pale haukumsumbua mtu.

Kifua cha mzee kilipoanza kupiga filimbi, alimwambia jambo moja tu. Siku ya kuzikwa kwake, jiwe la Mwepu liwekwe chini ya kichwa chake, ili mtoto naye awe amezikwa. Numbi akakubali.

Mvua zilipoanza mzee akalazwa hospitali. Nyumba yake ilifungwa kwa waya tu, na wachonga vinyago vya mawe walikuwa wameanza kuizungukazunguka. Numbi akawaza, akajiona mjanja. Aliyafunga mawe yote kwa vitambaa, akayatia katika gunia la madini, akalifunga mdomo kwa utepe wa njano kama magunia yote ya kikundi chao, akalipanga katikati ya mengine kwenye uwanja wenye mlinzi. Nani angeiba gunia moja la madini kati ya hamsini? Alitaka kumwambia Kyungu, mkuu wa kikundi. Kisha akafikiria kicheko, mawe yamevalishwa vitambaa kama watoto wachanga, akanyamaza.

Lori la kupeleka magunia kwa wanunuzi lilikuwa lije Ijumaa, na kabla ya hapo Numbi angeliondoa lake. Lilikuja Alhamisi, Numbi akiwa hospitali anamnywesha mzee uji. Kyungu alipakia kila chenye utepe wa njano.

Numbi alikimbia mpaka kwa wanunuzi. Mashine ya kusagia mawe ilikuwa imeshanyamaza. Juu ya turubai palikuwa na rundo la unga wa kijani, na ndani yake nyuzi za kitambaa. Alipiga magoti akachakura mpaka kucha zikatoka damu. Hapakuwa na kipande hata cha ukubwa wa haragwe.

"Neno moja tu, ndugu yangu," Kyungu, aliyekuja na lori, alimwambia. "Ungesema neno moja."

Jumamosi Numbi alikwenda kwa wachongaji akanunua jiwe la rangi ya anga, ngumi ya mtoto vilevile. Macho ya mzee yalikuwa yamefifia, huenda asitambue. Alimwekea kiganjani. Papa Kalenga akaligeuza polepole, akalipeleka mdomoni, akatoa ulimi.

Akalishusha juu ya blanketi.

"Halishiki," alisema.

Numbi akamweleza yote, lori, utepe, mashine, akitazama sakafu. Mzee hakumlaumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama waliyasaga yote, akajibiwa ndiyo. Kisha akageukia ukutani.

"Basi kaburi lichimbeni dogo," alisema. "Naingia peke yangu."