Kopo Lililoimba Bulla Pesa

Kabla kanjo, yaani baraza la mji, haijaleta sheria yake, hakuna mtu Bulla Pesa aliyeiita ile mashine ya posho kelele. Kelele ni ya walevi. Kelele ni ya mbwa. Ile ilikuwa mashine ya Shuriye, na juu ya paipu yake ya moshi alikuwa amefunga kopo la samli lililotobolewa, ili moshi ukitoka upige mluzi. Kopo likiimba, mama aliyeko manyatta za njia ya Kipsing anajua leo kuna dizeli, anajitwika mahindi yake, anashika njia. Kopo likinyamaza, anakaa kwake na kuihurumia miguu yake. Watu waliishi hivyo na hakuna aliyelalamika.

Aliyeiendesha mashine hiyo ni Lotukoi, Mturkana mrefu, mpole, aliyezaliwa papo hapo mjini na wazazi waliokuja zamani kufuata kazi. Alianza mwaka wa sabini na mbili. Shuriye, ambaye babake alikuwa askari wa Mzungu, alimfundisha mwenyewe kupiga hendo ya kuwashia injini, kufunga mkanda, na kusikiliza. Hasa kusikiliza.

"Mashine ni kama ngamia," tajiri alimwambia. "Itakuambia inaumwa wapi kabla haijalala chini. Mtu asiyesikia hawezi kazi hii."

Lotukoi akaliweka neno hilo moyoni, na likaja kumchoma huko huko.

Kwa maana kile chumba kilikuwa cha mabati, kidogo, na yeye alisimama humo asubuhi hadi jioni, sikio moja upande wa injini, lingine upande wa jiwe la kusagia. Nani alimpa hata pamba? Walimpa maziwa, ati yamwondolee vumbi kifuani. Masikio hayakutajwa. Miaka haikuwa mingi kabla hajaacha kusikia adhana, kisha kengele ya kanisa, kisha mwanawe Erot akilia mlangoni. Alichobaki nacho ni lile kopo. Lilimwimbia akiwa kazini, lilimwimbia akila, lilimwimbia hata Jumapili, mashine ikiwa imefunikwa gunia. Mwanzoni alikuwa akitoka mbio kwenda kuangalia nani ameiwasha.

Mkewe Nakaale alijua, na hakumwambia mtu. Aliweka sufuria yake ya uji pale mlangoni pa mashine, akawa masikio ya mumewe. Mteja akitaka unga laini, anasugua vidole. Injini ikikohoa, anamgonga begani. Ikizimwa, anaweka kiganja kifuani pake mwenyewe. Lotukoi naye alivua viatu, akafanya kazi miguu mitupu ili simiti imweleze mashine inavyokwenda. Salamu alizijibu kwa macho: akiona kofia au buibui, "Aleikum salaam", akiona kichwa kitupu, "Nzuri sana." Mara nyingi alipatia. Alipokosea, watu walicheka wakasema Lotukoi siku hizi ana maringo. Maringo! Mtu alikuwa anaishi kwa hofu. Hakuwa na mbuzi, hakuwa na shamba, na kazi nyingine hakuijua. Tajiri akigundua hasikii, basi, yeye na watoto wake kwisha.

Ndipo mwaka wa themanini na moja kanjo ikatangaza sheria: marufuku kelele ya kusumbua jirani. Aliyeshtaki ni Mwalimu Gladys, wa shule iliyojengwa nyuma ya ploti ya mashine, na tusimwonee, alikuwa na haki. "Watoto wa nyuma hawanisikii," alisema. "Napiga kelele mpaka koo linatoka damu, na wao wananitazama tu."

Akatumwa Bwana Afya, mkaguzi wa kanjo, kijana wa Kiborana mwenye adabu, jina lake Ibrae. Alikuja na chombo gani cha kupimia? Masikio yake mawili aliyozaliwa nayo. Akasimama uwanjani pa shule, akasimama langoni, akatikisa kichwa. Shuriye akabisha: bila kopo, wamama wa mbali watajuaje kuna kusaga?

"Sawa, Mzee," Ibrae akasema. "Tutasikiliza na kopo, halafu tutasikiliza bila kopo, mbele ya watu wote. Kisha nitaamua."

Siku hiyo watu walijaa. Askari wa kanjo, wakitafuta nafasi, wakamwondoa Nakaale mlangoni, yeye na sufuria yake, wakamsukuma nyuma ya umati. Aliwaomba wamwache. Wakamwambia, mama, uji utauza kesho.

Ndani, Lotukoi alikuwa akimimina mahindi. Alikuwa ameyaandaa maneno yake, maana aliogopa mashine ikifungwa atakula wapi. Nje, Shuriye alipanda ngazi, akazungushia kopo kitambaa na kulichomoa. Mluzi ukakatika. Ikabaki tu-tu-tu ya injini peke yake, na watu wakatazamana. Mwalimu Gladys alishusha pumzi.

Ibrae akaingia chumbani, watu wakijazana mlangoni nyuma yake. "Na wewe mwenye kazi unasemaje?" akauliza, akielekeza kidole juu, kwenye paa.

Swali Lotukoi hakulisikia. Kidole alikiona.

"Bwana Afya, sikia mwenyewe!" akasema kwa sauti kubwa, ile sauti ya mtu asiyejisikia. "Sikia vile linaimba! Hii ni kelele? Hii inaita wamama waje walishe watoto. Sikia hiyo! Sikia!"

Na akafumba macho, akatabasamu, kidole chake kikifuata wimbo hewani. Hakuwa anadanganya, maskini. Alikuwa analisikia.

"Baba Erot!" Nakaale alipiga ukelele kule nyuma. "Baba Erot, nyamaza!"

Alipofumbua macho, Lotukoi alimwona Shuriye mlangoni, kopo mkononi. Akaziona nyuso za watu. Kwa nyuma akamwona mkewe amejipenyeza, kiganja kifuani, machozi yanamtiririka. Akaelewa. Aliinama akaanza kuokota punje za mahindi sakafuni, moja moja.

"Tangu lini?" Shuriye aliuliza.

"Miaka, Mzee," Nakaale akajibu. "Wanasema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe ulikuwa naye kila siku."

Shuriye aliliangalia kopo mkononi mwake. Mwalimu Gladys ndiye aliyemgeukia Ibrae. "Na huyu? Sheria yako inasema nini juu yake?"

Ibrae alikohoa kidogo. "Sheria ni ya jirani, Mwalimu. Kelele ni ile inayovuka ua. Ile inayobaki ndani ya ua, hiyo ni kazi."

"Kwa hivyo yeye hakusumbuliwa."

Ibrae alionekana ameumia, lakini kuumia kwake hakukuongeza neno kwenye sheria.

Kopo halikurudi paipuni. Mashine ikapata mwendeshaji mwingine. Shuriye, kwa aibu, hakumfukuza Lotukoi. Alimpa kazi ya kupandisha gunia jeupe kwenye mti mrefu kila kukiwa na dizeli, ili wamama waone badala ya kusikia. Walioishi nyuma ya kilima hawakuliona, wakawa wanakuja bure na kurudi na mahindi yao kichwani.

Halafu ukaja ukame wa themanini na nne. Mahindi yakakosekana, mashine ikanyamaza kabisa, na wale wale waliochoka na mluzi wakaanza kusema Bulla Pesa imekuwa kimya kama makaburini, afadhali lingekuwepo lile kopo.

Lotukoi alikuwa akikaa nje ya nyumba jioni, mgongo ukutani, kichwa ameinamisha upande. "Nakaale!" aliita, na ploti nzima ikasikia. "Hawa watu hawajazima mashine mpaka saa hii?"

Majirani hapo mwanzo walicheka. Baadaye waliacha. Nakaale aliweka chini bakuli, akaja akasimama mbele yake, akaweka kiganja kifuani. Lotukoi aliitikia kwa kichwa, haya, imezimwa, kisha akaendelea kuisikiliza.