Kipa Aliyeitika "Afande"

Miaka ile ya sabini nilikuwa nasomea ufundi wa mitambo, nimepanga chumba Vårby gård, kitongoji cha jiji huko Uswidi. Jumamosi zangu ziliishia kwenye baa moja karibu na stesheni ya Skärholmen, mali ya mama wa Kiswidi aliyependa mpira kuliko biashara yake. Baa ilikuwa na timu. Nusu ya wachezaji walikuwa Waswidi na Wafini, nusu sisi wa Afrika Mashariki, na Kiswahili kilitawala uwanjani kiasi kwamba hata Wafini walipiga kelele "rudisha!"

Beki wetu wa kushoto alikuwa Mganda, mwalimu aliyeikimbia serikali ya kijeshi ya kwao. Mtu mpole, mwenye kucheka polepole.

Msimu mmoja akaja kipa mpya, naye Mganda. Mrefu, mkimya; mpira ukifika mikononi mwake, umefika. Siku yake ya kwanza mazoezini nahodha, Mfini mwenye sauti nzito, alimfokea asogee mbele. Kipa akanyoosha mgongo, akaitika:

"Ndiyo, afande!"

Sisi Watanzania tuliangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Baadaye alinivuta kando.

"Ndugu yangu, umekisikia Kiswahili chake?"

"Nimekisikia. Anakijua."

"Ndiyo hapo. Kwetu Kiswahili ni cha askari; mwalimu kama mimi amekijulia huku ugenini, kwenu Watanzania. Yeye amekijulia kambini, jeshini. Waliovunja mlango wangu walikisema hivyo hivyo."

Tangu hapo na mimi nikaanza kumchunguza. Bia hakugusa, alikunywa kahawa na kusikiliza. Aliuliza maswali: fulani ametoka mji gani, fulani anaishi wapi. Aliponiuliza mimi, nilitaja kituo kingine kabisa cha treni. Mama wa baa alipotaka kutupiga picha ya kutundika ukutani, kipa alisema amesahau kitu uwanjani, akatoka, hakurudi.

Kisha ikaja mechi tuliyofungwa kwa ujinga. Mwalimu alibanwa na washambuliaji wawili, kipa yuko wazi nyuma yake, sote tunapiga kelele arudishe. Akakataa. Akanyang'anywa mpira, tukafungwa.

Tulipokaa baa, kipa alikuja akasimama mbele ya meza yetu.

"Mwalimu, mbona hunirudishii mpira?"

"Simrudishii askari."

Hata Waswidi, ambao hawakuelewa neno, waligeuka kututazama.

"Nilikuwa askari, kweli," kipa alisema. "Nilipiga tarumbeta kwenye bendi. Walipoanza kuwakamata watu wa kabila langu mle mle kambini, nikatoroka. Mke wangu nilimwacha. Picha yangu ikionekana huku, atakayeulizwa ni yeye."

"Na maswali yako?"

"Natafuta mtu wa kwetu. Mwenye njia ya kumfikishia neno."

Mwalimu alisukuma glasi yake mbali. "Hadithi nzuri. Hata mpelelezi angetunga hiyo hiyo."

Kipa akachukua koti lake, akatoka. Wiki iliyofuata alikuja mazoezini kama kawaida, akabadilisha nguo peke yake kwenye kona. Tukacheza msimu mzima hivyo, beki na kipa wasiosalimiana, nami katikati nikimtazama huyu, nikimtazama yule.

Majira ya machipuko mke akafika, kupitia Nairobi. Kipa alimleta baa mchana kweupe. Alikuwa amekonda, amevaa koti la kuazima. Aliposikia kwamba yule pale alikuwa mwalimu, akataja shule, akauliza kama ndiye aliyefundisha huko. Ndiye. Mdogo wa huyo mke alisoma darasani kwake. Akapiga goti kumsalimia, kisha akamweleza taratibu kwamba mwalimu mkuu wa shule hiyo alichukuliwa na hajaonekana tena. Mwalimu alifunika uso kwa viganja. Kipa akasimama kando, hajui aweke wapi mikono yake.

Baada ya hapo mipira ilirudishwa. Maneno baina yao yalibaki machache, na muda si mrefu mwalimu akahamia Husby, upande mwingine wa jiji, bila kuaga. Nilikutana naye siku moja kwenye treni, nikamuuliza kama sasa anamwamini kipa.

"Namwamini mke wake," alisema, akageuka kuangalia nani ameketi nyuma yetu.