Siku Niliyokataa Kuvua Koti Ukweni

Habari hii nimeificha mpaka nimechoka, na kwa kuwa mke wangu akiisimulia huongeza chumvi, bora niiseme mwenyewe niaibike kwa kipimo changu.

Siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Kabula, kule Samuye, nilikuwa chumbani kwangu Nyasubi napiga pasi shati jeupe huku mawazo yako kwa baba mkwe, pasi ikaunguza mgongo wa shati na kuacha tundu la ukubwa wa kiganja. Mjomba wangu, ambaye ndiye alikuwa mshenga, ameshafika mlangoni ananihimiza, basi nikajiambia nivae koti juu, nani atauona mgongo wangu? (Koti lenyewe la mtumba, zito, lilishonwa kwa ajili ya watu wenye theluji.)

Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, na tulifika saa saba mchana. Baba mkwe, mtu wa maneno machache, akaniambia nivue koti nipate hewa, nikasema niko sawa. Yakaletwa maji, nami nikapiga hesabu zangu za kijinga kwamba nikinywa nitatoka jasho, jasho likizidi watanilazimisha kuvua koti, kwa hiyo nisinywe. Nikakataa. Yakaja maziwa, nikakataa. Maji yaliporudi nikakataa tena, na hapo baba mkwe akamuuliza mjomba, taratibu kabisa, kama kijana wake anaona kinyaa vyombo vya nyumba ile, maana kama ni hivyo binti haendi.

Mjomba akanikanyaga mguu. Nami nampenda Kabula jamani, nampenda mpaka leo, nikasimama haraka nijieleze. Nikasema "Mimi naitwa", jina langu mwenyewe likanipotea, macho yakaingia giza, nikaanguka kifudifudi mbele ya ukoo mzima.

Sasa, kwa Wasukuma mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani, na mama yake Kabula alikuwa amekaa ndani tangu tufike. Ndiye aliyetoka mbio. Nilizinduka niko kivulini, koti limevuliwa, shati limefunguliwa, mashangazi wamelishangaa tundu langu wakatosheka, na yule mama ananikanda shingoni na kwapani kwa khanga aliyoilowesha. Shangazi mmoja akamkumbusha kuwa huyo ni mkwe.

"Nitamwonea aibu kesho," alisema bila kugeuka. "Leo ni mtoto kazidiwa na joto. Kunywa, ng'wanawane, kidogo kidogo."

Kuitwa mwanangu na mtu ambaye hakutakiwa hata kuniangalia kulinishinda. Nikanywa huku nalia (nilisingizia maji yameniingia machoni), kisha nikamweleza baba mkwe ukweli wote kuhusu shati. Alicheka mpaka akafuta macho, akasema binti ataenda, ila kazi ya pasi aifanye mwingine.

Tangu siku ile mama mkwe hajanitazama tena usoni, amerudia heshima yake. Tukienda Samuye yeye hupitia nyuma ya nyumba, na mimi nimeapa sitasema tena "niko sawa" kwenye jua la Shinyanga. Lakini kabla sijakaa vizuri, Kabula huja na swali kutoka jikoni: mama anauliza, umeshakunywa maji? Mimi hujibu bado, hata kama nimetoka kunywa sasa hivi.