Waifai ya Ofisi ya Boti

Mwamvua, mkata tiketi za boti hapa Nyamisati, hajawahi kumwona muuza vitumbua akiligeuzia gati kisogo. Anageuza vitumbua kwa kijiti bila kuvitazama, vidole vimejaa makovu ya mafuta, macho yako kwa wanaoshuka kutoka Mafia. Ukimuuliza kwao wapi, naye anakuuliza, "Vingapi?" Siku moja tu alifungua kinywa: alimtoroka mume kule Mafia, akaitupa laini baharini, akajiona kapona. Simu alibaki nayo, ile ile aliyonunuliwa na mume, na akaunti aliyoifungua mume. Mwamvua akamwonea huruma, akamwingizia nywila ya waifai ya ofisini, apate kutazama picha za mwanawe. "Laini huna, dada. Nani atajua uliko?"

Tangu hapo simu ikawa inapiga hodi yenyewe kwenye waifai kila asubuhi, na kila ikiitikiwa, inamwambia mwenye akaunti ilipo. Leo ujumbe umeingia. Muuza vitumbua kausoma, kampa Mwamvua simu, macho bado kwenye gati.

"Nimepitia barabara ya Kibiti, mke wangu. Geuza vitumbua, vinaungua."