Sikio la Diwani

Nosim aligundua kwamba mume wake ni mlevi miaka minne baada ya kumzika. Alipewa habari hizo nje ya kanisa, watu wakitoka ibadani, na Eunike wa kwaya, mwanamke ambaye habari mbaya humtia nguvu kama uji wa uzazi.

"Mama Lesian," Eunike alisema, simu mkononi, machozi yameshalowesha kola ya joho. "Kumbe Baba Lesian alikuwa anakunywa? Na wewe ukakaa kimya miaka yote hiyo!"

Kwenye simu alikuwepo Diwani. Huyo ni punda wa Nosim, na jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kusimama katikati ya barabara, asiende mbele wala nyuma, kama anayesubiri posho ya kikao. Watu wa shirika moja la kutetea wanyama walimpiga picha asubuhi ya baridi akitoka kusaga mahindi, usingizi haujamwisha. Sasa alikuwa anaitwa Tumaini. Nyuma yake alisimama Nosim mwenyewe, uso umetiwa ukungu asijulikane. Chini paliandikwa:

"Tumaini halii tena. Aliacha kulia usiku ule baba mwenye nyumba aliporudi amelewa, akashika kisu, akamkata sikio. Tazama macho yake. Yanakuuliza: na wewe utapita tu?"

Nosim alisoma, akarudia kusoma, na damu ikampanda kichwani.

Sasa, huku magharibi ya Mlima Meru mfugo hautembei na cheti cha kuzaliwa. Unatembea na sikio. Kila ukoo una mkato wake, na mtoto anayechunga mbuzi huusoma haraka kuliko jina lake. Loserian, marehemu mume wa Nosim, ndiye aliyemkata Diwani alama alipokuwa mdogo, mchana kweupe, tumboni akiwa na chai ya maziwa. Hakuwa na kingine cha kunywa. Mzee wa kanisa yule, hata soda ilimsokota tumbo.

Basi huyo mwandishi mwenye huruma alificha uso wa mjane, akaliacha sikio wazi. Ni sawa na kumvika mtu gunia kichwani na kumwachia kitambulisho shingoni. Kabla jua halijazama, kuanzia Elerai hadi juu milimani, watu walikuwa wanajua ni sikio la nani na kisu cha nani.

"Wangenisema mimi," Nosim alifoka. "Mimi nina mdomo, ningejibu. Wamemsema aliye kaburini! Atajibu na nini?"

Kesho yake alimfunga Diwani kamba, wakakatiza jiji lote mpaka Njiro, magari yakipiga honi, Nosim akiyajibu kwa lugha ambayo kwaya haijawahi kuisikia. Alitaka jambo moja: jina la Loserian lisafishwe palepale lilipochafuliwa.

Ofisini kwa lile shirika, mlinzi alipofungua geti aulize shida, Diwani aliingia bila kuulizwa, akaanza na maua. Akatoka Abdiel, kijana wa Machame, mpole, mwenye mwanya mpana kati ya meno ya mbele. Yeye ndiye aliyekuwa anaandika maombi yote ya michango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani alikuambia mume wangu mlevi?"

Abdiel alimtazama punda, akalitazama sikio. "Mama, hatukutaja jina la mtu."

"Sikio hili ndilo jina! Limesomwa na kila mwenye macho."

"Nisamehe mama, sikujua. Lakini elewa kazi yetu. Ukiandika punda anahitaji dawa ya minyoo, mtu anaendelea kula chipsi zake. Lazima alie kwanza. Na ili alie, lazima pawe na mkatili."

"Ukamwajiri mume wangu."

"Hata sikumjua!"

"Ndiyo maana ilikuwa rahisi."

Abdiel akapata wazo. Ungeona macho yalivyomng'aa. "Tunaweza kuandika sehemu ya pili! Mjane anatubu, anamkumbatia Tumaini, anamwomba msamaha. Mama, watu watalia mpaka basi!"

Nosim alitoa simu, akampiga picha. Kijana wa watu akatabasamu, akidhani ni ya ukumbusho. Kisha Nosim akabonyeza pa kurekodi sauti, akaanza kwa sauti ya kilio cha matangani:

"Wanakwaya wenzangu, mtazameni Abdiel. Huyu hacheki tena. Aliacha kucheka usiku ule baba yake aliporudi kutoka kilabuni, kanywa mbege mpaka ya kesho yake, akamng'oa jino kwa koleo. Tazameni pengo hilo. Linawauliza: na ninyi mtapita tu?"

"Mama! Baba yangu ni mwinjilisti! Na hili si pengo, ni mwanya wa ukoo, tunao wote mpaka shangazi zangu!"

"Usihofu, mwanangu. Jina la ukoo sijataja. Na macho nitayaziba."

"Lakini mwanya utaonekana! Machame nzima itajua ni mtoto wa nani!"

"Eeh," Nosim alisema, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kutuma. "Sasa umelielewa sikio."

Abdiel aliandika hapohapo chini ya picha ileile mtandaoni, amesimama, Nosim akimwambia neno kwa neno: punda anaitwa Diwani, ni mzima, sikio ni alama ya ukoo, Loserian hakuwahi kulewa, mwandishi alitunga.

Jumapili Eunike alisomewa na Nosim maneno hayo nje ya kanisa, kwa sauti, mbele ya wote waliolia. Alisikiliza mpaka mwisho, macho makavu.

"Sawa," alisema. "Ila hii haina utamu kama ile ya kwanza."

"Utamu?" Nosim alimkazia macho. "Mume wangu amerudishiwa jina lake, wewe unatafuta utamu? Subiri hapo."

Akatoa simu. Picha ya Abdiel hakuwa ameifuta, na kamera ilikuwa tayari inamtazama Eunike.